KISU CHA SAFARI: NAMNA YA KUKITAMBUA KILICHO IMARA

Katika Mkoa wa Singida wako watu wengi ambao kazi zao huwapeleka mbali na makao yao. Mrina asali huingia katika misitu ya Manyoni na vichaka vya Itigi. Mfugaji hufuata malisho wakati wa kiangazi. Mvuvi hukesha kandokando ya Ziwa Kitangiri. Nao wanafunzi hupiga kambi pamoja na walimu wao ili kujifunza juu ya miamba, mimea na wanyama. Hapana hata mmoja kati yao aondokaye bila kisu. Kwa kisu hicho atakata kamba, atachonga mambo za hema, atapasua kuni na kuandaa chakula. Kikikatika mkononi mwake mahali palipo mbali na zahanati, hasara yake si bei ya kisu peke yake.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua kisu kwa macho tu. Huvutiwa na bapa linalong'aa, au na meno ya kutisha yaliyochongwa mgongoni mwake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uimara wa kisu hutegemea mambo manne: aina ya chuma, jinsi chuma hicho kilivyotiwa moto, unene wa bapa, na namna bapa lilivyoungana na mpini. Mambo hayo yanahusiana na masomo ya fizikia na kemia ya shule ya sekondari. Mwishoni tutalitazama swali linaloulizwa mara kwa mara: je, kisu chaweza kumhami msafiri?

1. Sehemu za kisu

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbuke majina ya sehemu za kisu. Bapa ni ubati mzima wa chuma unaoonekana. Upande wake unaokata huitwa makali, na upande ulio mkabala na makali huitwa mgongo. Mwisho wake uliochongoka ni ncha. Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini huitwa msuka. Pete ya chuma inayouzunguka mpini pale msuka unapoingilia, ili mti usipasuke, huitwa noleo. Mfuko wa kuhifadhia kisu ni ala.

2. Kwa nini kisu kisichokunjwa?

Kisu cha kukunja ni chepesi na huingia mfukoni. Lakini kina kiungo, na kiungo ni mahali pa udhaifu. Tuseme bapa la kisu cha namna hiyo lina urefu wa milimita 100, na ncha yake inasukumwa kuelekea upande wa makali kwa kani ya nyutoni 100, ambayo yakaribia uzito wa mzigo wa kilo 10. Bapa linakuwa wenzo, na pini ya kiungo inakuwa egemeo. Ikiwa kizuio kinacholishika bapa kiko milimita 5 tu kutoka kwenye pini, basi kwa kanuni ya momenti:

100 N × 100 mm = K × 5 mm

Kwa hiyo K, yaani kani inayokikabili kizuio, ni nyutoni 2,000, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 200 hivi. Kipande kidogo cha chuma kinabebeshwa mzigo huo kila mara mtu anapokunjua kwa nguvu ganda la mti au anapobanduka na kisu chake katika mfupa. Kikishindwa, bapa hufunga juu ya vidole. Kisu ambacho bapa na msuka wake ni chuma kimoja hakina kiungo cha kushindwa. Ndiyo sababu wasafiri wa porini hukipendelea.

3. Chuma laini na feleji

Si kila chuma kifaacho kwa kisu. Chuma kitumiwacho viwandani huwa kimechanganyika na kaboni kidogo, na kiasi cha kaboni hiyo ndicho kinachoamua tabia yake. Chuma laini, kama kile cha mabati, nyaya na misumari ya kawaida, huwa na kaboni isiyofikia asilimia 0.3. Bamba la springi ya lori huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, na tupa huwa na asilimia 1 au zaidi kidogo. Chuma chenye kaboni ya kutosha kukiwezesha kuwa kigumu kwa kutiwa moto na kupozwa ghafla ndicho ambacho wahenga wa pwani walikiita feleji.

Hapa inafaa kutenganisha sifa mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ugumu ni uwezo wa chuma kukataa kukwaruzwa na kubonyea. Ushupavu ni uwezo wake wa kustahimili kupigwa na kupindwa bila kuvunjika. Kioo ni kigumu lakini si kishupavu. Risasi hupindika bila kuvunjika lakini si ngumu. Kisu kizuri hakina budi kuwa na sifa zote mbili kwa kiasi. Bamba la springi, ambalo limetengenezwa ili lipindike maelfu ya mara bila kukatika, hukaribia sana kiasi hicho, na ndiyo maana wahunzi wa nchi yetu hulithamini. Tupa kuukuu hutoa makali yanayodumu zaidi, lakini ikiwa fundi hakuitia moto ipasavyo, kisu chake huvunjika kinapodondoka juu ya mwamba.

Ujuzi wa feleji si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Wazee waliojenga tena tanuru kwa desturi ya zamani, wakitumia mivukuto na makaa, walipata chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa feleji. Na mabaki ya tanuru yaliyochimbuliwa yalionyesha kwamba kazi ya namna hiyo ilifanyika huko zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

4. Moto, mafuta na rangi

Feleji pekee haitoshi. Yapasa itiwe moto kwa utaratibu. Mhunzi hukipasha kisu hadi kiwe chekundu. Chuma kinapofikia nyuzi 770 za Sentigredi hakivutwi tena na sumaku, na fundi mwenye sumaku ndogo aweza kuitumia kama kipimo. Baada ya hapo hukiongeza moto kidogo, kisha hukizamisha katika mafuta. Wakati wa joto kali, kaboni huwa imeenea katikati ya atomi za chuma. Kikipozwa ghafla, kaboni hukosa nafasi ya kujitenga, hunaswa mahali pake na kuusonga mpangilio wa atomi. Umbo hilo lililosongwa, ambalo wanasayansi huliita martensaiti, ni gumu mno.

Kwa nini mafuta na si maji? Maji huondoa joto kwa kasi kubwa, na feleji ya springi huweza kupata nyufa. Mafuta huipoza polepole zaidi, lakini bado upesi wa kutosha kuifanya iwe ngumu. Mafuta ya alizeti, zao linalojulikana sana Singida, hufaa kwa kazi hiyo. Lakini ieleweke kwamba chuma chekundu huweza kuyawasha mafuta hayo. Kazi hii ni ya mhunzi mzoefu, si ya mwanafunzi nyuma ya bweni.

Kisu kilichotoka katika mafuta ni kigumu lakini huvunjika upesi. Kwa hiyo fundi hukisugua mpaka king'ae, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo huku akitazama rangi inayotanda juu yake. Rangi hiyo hutokana na utando mwembamba wa oksidi. Karibu nyuzi 200 hadi 230 utando huwa wa manjano, mfano wa majani makavu. Karibu 250 hadi 260 huwa wa kahawia. Karibu 280 huwa wa zambarau. Na karibu 300 huwa wa buluu. Kadiri rangi inavyosogea kuelekea buluu, ndivyo ugumu unavyopungua na ushupavu unavyoongezeka. Makali ya kisu cha safari yafaa yaishie kati ya manjano na kahawia. Mgongo waweza kuachwa ufikie buluu.

Chuma laini hakigeuki kuwa kigumu kwa njia hii, kwa sababu kaboni yake haitoshi. Hata hivyo, kuna njia nyingine. Wahadzabe, ambao hukaa kandokando ya Ziwa Eyasi na baadhi yao katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, hufua misumari bila kuitia motoni wakapata vichwa vya mishale. Kugongwa kwa chuma kikiwa baridi huvuruga mpangilio wa fuwele zake, kikazidi kuwa kigumu. Njia hiyo yatosha kwa kichwa cha mshale. Kwa bapa nene la kisu haitoshi.

5. Unene wa bapa na pembe ya makali

Shika rula ya mbao kwa ulalo wake na uipinde, itakubali. Kisha isimamishe kwa ukingo wake na ujaribu tena, itakataa. Mbao ni ile ile, lakini unene unaopingana na kani umebadilika. Ukaidi wa ubati dhidi ya kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene, na nguvu yake dhidi ya kuvunjika huongezeka kwa kipeo cha pili. Kwa hiyo bapa la milimita 4, likilinganishwa na bapa la milimita 2 la chuma kile kile na upana ule ule, ni kaidi mara 8 na lina nguvu mara 4.

Hata hivyo haifai kuzidisha unene. Kisu kinene kama shoka hakiwezi kumenya kiazi wala kuchuna ngozi. Kwa kazi za kambini bapa lenye urefu wa sentimita 10 hadi 13 na unene wa milimita 3 hadi 5 mgongoni linatosha. Sime yenye makali pande mbili ina kazi yake, lakini kambini haifai sana: haina mgongo ambao kidole gumba chaweza kuusukuma, wala ambao mtu aweza kuugonga kwa gogo ili kupasua kuni.

Makali nayo ni kabari. Tuseme makali yanagusa mti kwa urefu wa milimita 50, na upana wake ni milimita 0.02. Eneo linaloguswa ni milimita mraba 1. Ukisukuma kwa nyutoni 50, kanieneo ni nyutoni 50 kwa kila milimita mraba. Makali yakilika hadi upana wa milimita 0.2, eneo linakuwa milimita mraba 10, na kanieneo linashuka hadi nyutoni 5. Sasa mtumiaji hana budi kusukuma kwa kani iliyo kubwa mara 10 ili apate matokeo yale yale. Hapo ndipo kisu kinapoteleza na kumkata. Kinyume cha wanavyodhani wengi, kisu butu ndicho kinachojeruhi mara nyingi.

Pembe nzima ya makali ya kisu cha safari iwe kati ya nyuzi 30 na 40. Pembe ndogo kuliko hiyo hukata vizuri, lakini makali humeguka yanapokutana na mfupa au mti mkavu.

6. Msuka na mpini

Visu vingi vilivyo dhaifu hufichwa udhaifu wao ndani ya mpini. Msuka mwembamba kama msumari, ulioingia sentimita tatu tu, hukatika pale unapokutana na bapa, maana momenti huwa kubwa kuliko mahali pengine na chuma huwa kimepungua ghafla. Msuka ulio bora ni ule unaopitiliza hadi mwisho wa mpini, wenye upana sawasawa na mpini wenyewe, uliobanwa na mbao mbili kwa ribiti mbili au tatu. Ikiwa msuka ni mwembamba, angalau ufike mwisho wa mpini, na noleo lisikose.

Kuhusu mbao, mninga husifiwa kwa sababu haupanuki wala kusinyaa sana kati ya masika na kiangazi, hivyo ribiti hazilegei. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, nao hustahimili sana kuchakaa, lakini ukipigwa msasa hata ukalainika mno huteleza mkononi wenye jasho. Mpini uwe na kivimbe au kikingio mbele, ili mkono usiteleze kuelekea makali.

7. Kutu

Chuma hupata kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi huharakisha jambo hilo kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, nayo kutu ni tendo la kielektrokemia. Mji wa Singida una maziwa mawili yenye maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Walimu waweza kuyatumia kwa jaribio rahisi: tia misumari iliyosuguliwa katika neli tatu, ya kwanza iwe na maji ya mvua, ya pili maji ya ziwa, na ya tatu maji yaliyochemshwa kisha kufunikwa kwa mafuta. Ziacheni kwa siku saba, kisha linganisheni.

Feleji isiyoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo hujenga utando wa oksidi unaokinga chuma kilicho chini yake. Inafaa sana kwa wavuvi. Lakini si kila chuma kinachong'aa kinaweza kushika makali: chuma cha vijiko hakipati kutu, wala hakifai kwa kisu. Mwenye kisu cha springi akifute kila jioni, akipake mafuta kidogo, wala asikiache ndani ya ala ya ngozi kwa majuma mengi, kwani ngozi hutunza unyevu.

8. Majaribio ya mnunuzi

Mtu anayenunua kisu mnadani au dukani aweza kufanya majaribio yafuatayo kwa ruhusa ya muuzaji.

(a) Tazama mgongo kwa jicho moja, kama seremala atazamavyo ubao. Bapa lisiwe limepindana.

(b) Kigonge kwa ukucha. Bapa zima hutoa mlio wa kudumu. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

(c) Pitisha tupa kidogo kwenye makali karibu na mpini. Ikiteleza, chuma kimetiwa moto. Ikila kama inavyokula msumari, ni chuma laini.

(d) Kandamiza ncha juu ya ubao mpaka bapa lipinde kidogo. Likiachiliwa lirudi kama lilivyokuwa. Likibaki limepinda, ni laini mno.

(e) Uliza asili ya chuma, nawe uone mwisho wa msuka kwa macho yako.

Wako wanaotumia sumaku kupima ubora. Jaribio hilo halifai, kwa sababu sumaku huvuta chuma laini na feleji ya springi bila kubagua.

9. Kisu na kujihami

Sasa tulijibu swali tulilolitaja mwanzoni. Porini hatari zinazotajwa sana ni fisi, nyoka na watu wabaya. Katika zote tatu jambo la kwanza ni umbali. Mkono wa mtu mzima pamoja na kisu haufiki mbali zaidi ya mita moja; maana yake, mwenye kutumia kisu amekwisha kuwa karibu na meno. Fimbo ya mita moja na nusu humweka mbali maradufu. Moto, tochi, kelele na kulala pamoja humweka mbali zaidi. Kwa hiyo kisu humhami msafiri kwanza kwa kuchonga fimbo hiyo, kukata miiba ya boma na kupata kuni za usiku kucha. Kama silaha, ni tumaini la mwisho.

Kuhusu nyoka, kama vile kifutu na koboko, kisu hakina kazi kabisa, wala kabla ya kuumwa wala baada yake. Bado wako wanaochanja jeraha ili damu itoke. Kuchanja hakuondoi sumu. Huongeza damu inayopotea, hukata mishipa na kuingiza vijidudu. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa, halishauri kuchanja. Aliyeumwa atulizwe, kiungo chake kisitikiswe, avuliwe pete na bangili, naye apelekwe hospitali upesi.

Kuhusu watu, sheria humpa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu isiyozidi kiasi cha hatari iliyopo. Sheria hiyo hiyo hukataza kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna inayotisha watu. Kisu cha kambini basi kikae ndani ya ala, na ala ndani ya mzigo, mpaka kambi ifikiwe. Katika safari za shule mwalimu avihesabu visu asubuhi na jioni. Mwanafunzi akabidhipo kisu kwa mwenzake, atangulize mpini. Asikate kitu juu ya paja lake, kwani ndani ya paja hupita mshipa mkubwa wa damu. Jeraha likitokea libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia, kisha lisafishwe, na mgonjwa apelekwe kupata chanjo ya pepopunda.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba kisu imara ni feleji yenye kaboni ya kutosha, iliyotiwa moto kwa kipimo, yenye unene wa kadiri, na msuka usiokatika mpinini. Mhunzi wa kijijini aliyechagua springi nzuri na kuutunza moto wake aweza kutoa kisu kinachokishinda kile kinachong'aa dukani. Mnunuzi mwenye elimu ndiye atakayejua tofauti, naye akimlipa fundi huyo haki yake, ufundi huo utadumu.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya ugumu na ushupavu, ukitoa mfano mmoja wa kila sifa kutoka nyumbani kwenu.

2. Bapa moja lina unene wa milimita 3 na jingine milimita 1.5. Ikiwa chuma, upana na urefu ni sawa, la kwanza ni kaidi mara ngapi kuliko la pili?

3. Kwa nini msumari wa kawaida haugeuki kuwa mgumu kama springi ukipashwa moto na kuzamishwa katika mafuta, ilhali hugeuka mgumu zaidi ukifuliwa baridi?

4. Mtembeleeni mhunzi aliye karibu na shule yenu. Mwulizeni hutumia chuma gani, hukipoza kwa nini, na hutambuaje kwamba moto umetosha. Linganisheni majibu yake na yaliyoandikwa katika makala haya.